Disiki Iko Ndani ya Muchele

Muramu Salvatori,

Watu wakiandika barua wanaanzaka na kuuliza habari ya afya. Ya kwako naijua, mi njo nilibeba sanduku yako ya kuzikiwa upande wa kichwa, na ulikuwa muzito kuliko inavyofaa mutu aliyekonda hivyo. Ya kwangu ni nzuri. Ya adui yangu ni mbaya. Basi, salamu imeisha.

Hii barua naandika na mukono yangu mwenyewe. Godeliva, dada yangu, ule bibi yako uliyemuacha mujane, alisema, kaka, we sema, mi niandike. Nikamwambia apana. Mutu aliyeshika kamera kwenye harusi za Cibitoke yote, mbele hata wale matajiri wa Mutanga Nord wajue kamera ni nini, atashindwa na kalamu? Kalamu haina hata betri.

Nakuletea habari ya Reveriani, ule mwenye studio.

Unakumbuka ulipolazwa, alikuja na matunda ya maracuja ndani ya mufuko, akakaa kwenye kitanda yako kama ndugu: "Salva, kompyuta yako isibaki nyumbani, wezi ni wengi, nitaichunga kwangu studio." Ukakubali. We ulikuwa unakubali kila kitu. Miaka yote ulimutengenezea majina yenye kuruka na kucheza kwenye filamu, ya matangazo ya sabuni, ya harusi, ya kanisa, na mwishoni inaandikwa Studio Reveriani. Jina yako, hata kwa herufi ndogo ya sisimizi, apana. Siku ya kukuzika alishika mikrofoni akakuita "mufanyakazi wangu." Nilitaka kumurukia palepale. Godeliva alinishika koti.

Kisha ikakaribia siku ya kuganduka, siku ya kumaliza kilio. Reveriani akatangaza ataleta ekrani kubwa kama ukuta, aonyeshe filamu yako ya mwisho, ile uliwatengenezea watoto, eti "zawadi ya Studio Reveriani." Ile filamu! Ile tulifanya we na mi kwenye veranda yako, we unasema na watoto wako wakiwa wakubwa kesho, mi nashika kamera na mukono haitetemeki, waulize. Ulisema na Divine juu ya ndoa. Ulisema na Shukuru juu ya pombe. Ulisema na Alida, ule mudogo, juu ya kitu gani sijui, maana hapo vumbi iliniingia machoni.

Na majina yao uliyatengeneza mufano wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Herufi inatoka majini, inaruka, inang'aa, inaanguka, ingine inafuata, mpaka zinajipanga: DIVINE. SHUKURU. ALIDA. Ulipigana na ile programu mpaka macho ikavimba. Kwa kila herufi ulitia vidoti vidogo vya umbo ya almasi, vya kuiambia hapa ipande, hapa ishuke, mashini inazimika, unaanza upya. Ulikuwa unaitukana kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Kiswahili uliniwekea mimi.

Maana mi pia ulinitukana. "Muzee Kamera, umehamisha tena picha zangu! Programu haizioni!" Mashini ilikuwa inalia kila siku kwamba imejaa, nafasi haiko. Basi mi naondoa picha, naziweka kwenye disiki ya inje, disiki naipeleka kwangu, ndani ya ndoo ya muchele, maana muchele inakunywa unyevu. We unafungua kazi yako asubuhi, unakuta picha haiko, ekrani yote ni ukuta nyekundu. Unakuja kwangu kwa miguu, esansi ya gari haiko mujini, umevimba kama chura: "Muramu, we uko panya. Panya anafichaka hata kitu hawezi kula." Mi nakujibu, pale unakatia nyama siyo pale unalazia ng'ombe. Tuligombana hivyo miaka. Godeliva alisema tungeoana sisi wawili, yeye apumzike.

Sasa sikiliza utamu. Ile programu yako haishikaka picha. Inakumbuka tu njia ya kufika pale picha inakaa. We mwenyewe ulinifundisha, na hasira yako. Majina yenye kuruka, hayo inayatengeneza yenyewe, yanabaki ndani. Lakini sura yako, sauti yako, veranda, vilikuwa wapi? Ndani ya muchele yangu, Muramu! Reveriani aliiba kifuniko, chungu ilibaki kwangu.

Na mashini ilimuonya. Inaonyaka kila mutu: ukifungua tu, dirisha inatoka, inakuambia picha hazionekani. Lakini wale mabwana wanafunga ile dirisha kama mutu anafukuza inzi. Akaona ndagala zinaruka vizuri, akasema iko sawa. Alionja muchuzi ya juu tu.

Mi nilijua. Disiki ilikuwa ndani ya koti yangu, imelala kwenye kifua. Nikakaa kiti ya mbele, nikapandisha muguu juu ya muguu.

Watu walijaa mpaka barabarani. Reveriani na suti ya bluu, na hotuba, studio yangu hapa, studio yangu pale. Akafungua. Maji. Ndagala ya kwanza ikaruka. DIVINE! Watu wakapiga kelele. SHUKURU! ALIDA! Mi pia nililia, siwezi kukudanganya, zile ndagala zako zilikuwa hai. Kisha ukuta nyekundu. Nyekundu tu, mpaka nyumba ya jirani ikawa nyekundu. Sauti haiko. Reveriani anabonyeza, anabonyeza, jasho inapita kwenye suti, "petit problème, petit problème, shida ndogo tu." Nikasimama, nikasema na sauti ya soko: "Bwana Direkteri, si ulisema ni kazi yako? Mutu anapoteza aje kazi yake mwenyewe?" Wamama wa nyuma walicheka mpaka wakakumbuka ni kilio. Wakacheka tena.

Nikatoa disiki, nikaiinua juu. Nikamwambia, shika mikrofoni, useme nani alitengeneza ile yote, sabuni, harusi, kanisa. Sema Salvatori. Kisha picha utapata. Muramu, nilimuomba nini? Jina moja tu. Alichomoa waya, akafunga kompyuta, akaitia kwapani, akaondoka. Na ndagala zako zikaondoka naye.

Hapo Alida akauliza: "Papa iko wapi? Walisema Papa atakuja kwenye ukuta."

Usiniangalie hivyo. Najua unaniangalia. Godeliva alinijia akasema polepole, na dada yangu akisema polepole njo anapiga: "Kaka, umemupata. Watoto wangu wamepata nini?" Nikarudisha disiki ndani ya koti. Haki ilikuwa yangu na bado ni yangu. Lakini ile siku haki haikuwa na kitu ya kumuonyesha mutoto.

Tangu hapo najifunza programu. Mimi! Niliazima kompyuta ya zamani kwa rafiki yangu anayelinda depo kule Zone Industrielle, nataka nitengeneze ndagala upya, tusimuombe mwizi. Ile kitu ni shetani. Natia almasi hapa, herufi inaenda kule. Naiambia ruka, inatambaa. Naiambia anguka, inapotea, sijui imezama wapi. Mashini inapika filamu tangu asubuhi, karibu imalize, inaniambia nafasi imejaa. Nafasi! Mimi, mufalme wa nafasi! Ndagala zangu hazirukaka, Salva. Zinapanda ngazi kama wazee wa pansheni. Lakini nitaiweza. Nani aliwahi kunishinda? We tu, na we umekufa.

Jumapili Godeliva alichoka kungoja. Alikuja na watoto, akasema: "Kaka, sitaki ndagala. Niwekee bwana yangu." Nikabisha kidogo, unanijua. Nikasema ile filamu haina majina, haina mwanzo, haijakatwa, ni aibu kwa fundi. Alivuta ndoo mwenyewe, akachimba muchele na mikono miwili, disiki ikatoka na punje zimeishika.

Tukaweka kwenye televizio yangu. Kitu ya kwanza kutokea ni ile we ungekata. Shati umefunga vibaya, unaniangalia na dharau: "Muzee Kamera, umewasha? Umewasha kweli, ao ni kama harusi ya Gaspari?" Unacheka, kikohozi inakushika, unacheka tena. Watoto walianguka chini na kicheko. Alida akaenda akagusa kioo. Jina haikuruka. Alisema yeye mwenyewe: "Papa." Kisha ukaanza kusema nao.

Usifikiri basi nimemusamehe ule mutu. Alituma mujumbe na maneno ya asali, eti tuunganishe, yeye majina, mi picha, watu wote wafurahi. Nikamwambia mujumbe: mwambie patroni yako, nilichotaka nilikisema mbele ya watu, ni jina moja, na sijapunguza. Kama hawezi, abaki na ndagala bila ziwa. Azifungue kila asubuhi, ziruke, zimuandikie majina ya watoto wasio wake, kisha aangalie ukuta nyekundu. Nasikia amegombana na wafanyakazi wake wote, anatafuta nani alifuta picha. Ile siku nilikula vizuri.

Lala sasa, Muramu. Ahadi yangu ni hii. Siku ndagala zangu zitaruka kama zako, nitaenda mbele ya studio yake, pale kwenye ukuta yake nyeupe, nizirushe na mwangaza, ziandike SALVATORI, kubwa mpaka akifumba macho aione. Ile kikohozi yako sitaikata. Disiki imerudi ndoo yake, na ule muchele hakuna mutu ataupika, hata njaa ije.

Na betri ya kamera, kwenye harusi ya Gaspari, ilikuwa mbovu. Nikifika huko tutabishana.

Muramu wako,
Bonifasi, Muzee Kamera