Plamedie Hakulia

Bunia, tarehe 5 mwezi wa pili 2015

Mama,

Denise, muuguzi wa maternité, pale nilipozalia, amesema asubuhi hii: mapacha wako wazima, turudi nyumbani.

Salamu kwenu wote. Mguu wa baba unaendeleaje? Siye hatujambo. Yves analia mpaka wanawake wa vitanda vya jirani waliniuliza kama nimezaa mbuzi. Dada yake Plamedie ni mupole, analala tu. Leo jioni amenyonya kidogo sana, akaacha titi. Nimurudishe kwa Denise?

Mutoto wako,
Tina

Bogoro, tarehe 6

Mwanangu Tina,

Yule kijana Kule, wa pikipiki ya kubeba watu, amenifikishia barua yako. Mungu ashukuriwe. Mguu wa baba yako bado umevimba, ndiyo maana sijaja.

Yves ndiye umupeleke, tumbo linamuuma. Plamedie muache alale, usimuamshe. Umesahau tulivyojificha porini wakati wa vita? Kaka yako Bruno alikuwa mutoto wa siku tatu. Watu wa bunduki walipita karibu yetu, naye hakutoa sauti. Jirani yetu, yule ambaye mutoto wake alilia, hatukumuona tena. Mutoto mupole ni bahati, na hii amani ya leo nani anaiamini?

Mama yako

Bunia, tarehe 9

Mama,

Denise alisema jana saa sita mchana: Plamedie amefariki. Ugonjwa uliingia katika damu.

Nisamehe, sikuuliza habari zenu.

Jumamosi nilimubeba Yves mpaka kwa Denise. Plamedie nilimuacha kwa jirani, amelala. Denise alimuangalia Yves, akacheka: «Huyu mukubwa anataka titi tu. Na mwenzake?»

«Amelala. Ni mupole.»

«Alinyonya lini?»

«Jana asubuhi.»

Hakucheka tena. «Kimbia umulete!»

Nilimukuta na miguu ya baridi, macho ya manjano. Walimuchoma sindano, wakamupa oksijeni. Alichelewa kufika. Denise anasema mutoto muchanga akikataa titi, akiwa muzito kuamuka, siku ileile anapelekwa hospitali. Vilevile akiwa na homa au baridi, akipumua mbio, au kitovu kikiwa chekundu.

Tumemuzika asubuhi. Yves akilala namutikisa mpaka alie.

Tina

Bogoro, tarehe 12

Tina mwanangu,

Nilimusomea baba yako barua. Aligeukia ukuta. Bruno akaniuliza kama yeye pia alikuwa mutoto wa kunyamaza.

Ni mie nilisema usimuamshe. Porini kunyamaza kulituokoa, nami nikakuletea kunyamaza huko mpaka nyumbani kwako.

Pole, mama. Kula, upate maziwa. Yves akilia, usimufunge mdomo. Akinyamaza na kukataa titi, usiniandikie kwanza. Nenda.

Bruno atabaki na baba. Jumatatu tarehe 16 Denise anamupima Yves kilo. Kule ananibeba asubuhi kwa pikipiki yake. Tukutane pale mlangoni pa maternité, kisha utanipeleka kwenye kaburi.

Mama yako