Mipira ya Dawa Imefika, Mama

Mama,

Ile mipira imefika. Sista Chebet wa chumba cha kemo, kile cha dawa za saratani kule Kitale, alinipigia simu nikiwa shambani kwako Bokoli, nikipalilia vitunguu nisivyojua kupalilia. Alikuwa amerudi tu kutoka likizo na hakuwa amesikia. Sauti yake ilijaa furaha. "Nekesa, mipira ya mama imekuja, boksi nzima! Mlete hata kesho, si alikuwa anasumbua anataka kwenda nyumbani?"

Nilimwambia, "Tumeshamzika, Sista."

Nikakata simu. Kisha nikakaa chini katikati ya vitunguu nikalia kama mtoto aliyeachwa stendi.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipofungwa ule mpira. Sista alichanganya dawa nyuma ya kioo, amevaa glavu mbili mbili, akaisukuma kwa sirinji ndani ya puto lililo kwenye kichupa cha plastiki, puto likavimba likakaza. Akauunganisha na ule mrija wa kifuani kwako. Akatueleza kwamba puto litajikamua lenyewe polepole, bila stima, bila dripu ya kutundikwa, na likiisha turudi litolewe likachomwe, maana ni la kutumika mara moja tu. Wewe ulisikia neno moja katika maelezo yote hayo: nyumbani. Ulikuwa umeshavaa viatu.

Na Chwele! Nilikukataza kwenda sokoni na mpira kifuani, ukaniangalia kama unaangalia kuku anayehubiri. Ukaushonea mfuko wa kitenge, ukauvaa shingoni, ukapanda bodaboda na gunia lako. Wale wenzako wa vitunguu wakakuzunguka. Mama Simiyu ndiye aliyeanza. "Hii kitu inakunyonya, bana. Asubuhi ilikuwa kubwa, sasa ona, inaisha na wewe unaisha." Wote wakaguna. Hapo ukaweka mikono kiunoni. "Ingekuwa inaninyonya si ingenenepa? Inakonda hivi kwa sababu mimi ndio ninaikula. Sasa nunua kitunguu ama utoke kwa kivuli changu." Soko zima lilicheka. Nimesoma vitabu vingi, Mama, na nimebishana na watu wenye digrii za kujaza ukuta, lakini sijawahi kushinda hoja kwa usafi namna ile.

Kisha mipira ikaisha hospitalini.

Unajua nilivyopigana. Nilikwenda ofisi ile ya juu nikapaza sauti mpaka karani akafunga dirisha. Mkubwa wao alikuwa mpole kabisa, hilo ndilo lililoniuma. Alisema, "Madam, dawa iko. Kitu hatuna ni chombo tu."

Chombo tu! Niliandika makala juu ya maneno hayo mawili, gazeti likaitoa, watu wakaisambaza kwenye simu zao, na hakuna mpira hata mmoja uliofika. Nilisema humo kwamba tunapenda kukata utepe. Ikiletwa mashine kubwa, wakubwa wanakuja na picha zinapigwa. Lakini mrija, sirinji, puto la plastiki, kitu kinachotumika leo na kesho kinachomwa, nani atakikatia utepe? Kwa hiyo hakuna anayekiulizia mpaka kiishe. Na kikiisha wanakuambia dawa iko, kana kwamba dawa ina miguu ya kutembea mpaka kwenye damu ya mtu. Ukubwa wa nchi siku hizi naupima kwa vitu inavyotumia na kuvitupa. Inavyo vya kutosha, ama mgonjwa anafungwa kitandani kwa kukosa plastiki?

Nawe ukafungwa kitandani. Dawa ileile, sasa kwa mashine ya stima, waya ukutani, kila duru ya matibabu siku mbili wodini. Ulikuwa ukiniomba jambo moja tu. "Nekesa, mimi nisifie kwa bedi ya watu. Nifie kwangu, nikisikia kuku wangu." Nami nikakujibu kwa sauti yangu ya mikutano kwamba hakuna anayekufa. Duru ya mwisho homa ikakushika hukohuko wodini. Walijaribu, sitasema hawakujaribu. Asubuhi nilikwenda kukununulia uji hapo nje. Nikarudi na kikombe.

Siwezi kuandika hapo.

Tulikuleta Bokoli. Watu walikuja mpaka wa Bungoma mjini, hata yule Singh wa duka la mbolea, aliyekaa nyuma kabisa amevua viatu, sijui nani alimwambia avue. Kwenye karatasi ya mazishi walikuwa wamechapisha kwamba uliugua "kwa muda mfupi". Ndivyo tunavyoandika sote, hata kwa mtu aliyeugua mpaka jirani wakachoka kuuliza. Nilitaka kuichana. Ukafika wakati wa mtu wa nyumbani kusimama na kueleza ugonjwa ulivyoanza na ulivyoisha, ili asije mtu akasingiziwa uchawi. Wakaniita mimi. Mjomba Wafula akanivuta mkono. "Mwanangu, leo hapana gazeti. Leo tunazika." Na nyuma yangu nikamsikia shangazi akinong'ona kwamba ule mpira ndio uliokumaliza.

Nilikuwa na maneno, Mama. Nilikuwa nimeyapanga kama mawe mfukoni. Nikashika kipaza sauti, nikasema mpira haukumuua, mpira ndio uliokuwa ukimrudisha nyumbani. Nikasema, "Mama alitaka kufia hapa." Mengine yote yalibaki mfukoni. Mjomba alinishika bega akanikalisha.

Baada ya simu ya Sista, leo asubuhi nilikwenda Kitale. Sikuwa na sababu. Labda nilitaka kugombana. Nikakaa kwenye lile benchi la kijani mlangoni pa chumba cha kemo, na ndani alikuwa mama mmoja wa Lwakhakha, amefungwa mpira mpya, mkubwa, umekaza. Alikuwa akimhoji Sista. "Nikilala upande?" Sista akamwambia, "Lala unavyotaka, mradi usiukalie." "Na nikiinama kwa mtama?" "Inama." Mumewe akasema, "Muulize kama unazuia kelele pia." Mkewe akampiga kwa leso.

Alipotoka akaniona ninavyomtazama. Alidhani mimi ni mgonjwa mgeni ninayeogopa. Akanishika mkono. "Usiogope, mama. Haiumi. Unaenda nayo tu nyumbani." Nilimshukuru. Sikuweza kumwambia habari zako. Wakaondoka jua likiwa bado la asubuhi.

Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe. Kwa hiyo nakuahidi hivi: kila mwezi nitapanda kwenda Kitale na kuuliza imebaki mingapi, wakati bado imebaki. Nitauliza na Bungoma, ambako haijawahi kufika. Watanichukia mlangoni. Wamezoea.

Kwako wewe nilichelewa, Mama, na hakuna makala ya kulirudisha hilo. Pumzika, mwenye soko. Yule mama wa Lwakhakha usiku wa leo analala kwake.

Mwanao,
Nekesa