Waya wa Kufika Mnazini

Kwale, 9 Septemba 1962

Ndugu yangu Chirau,

Salaam aleikum. Mimi mzima, ila vumbi la chaki limenikaa kooni. Mama hajambo? Mguu wake je?

Nina habari. Bwana mmoja wa redio alikuja kutoka Mombasa na mashine ya kunasa sauti, akawarekodi watoto wangu wa shule. Nikamwambia ninaye ndugu Kinondo, mkwezi. Wakwezi wenzake hupiga kelele kabla ya kuangusha nazi ili watu wa chini wajitenge. Yeye huimba, na nyimbo hutunga mwenyewe. Bwana huyo atakuja nyumbani Jumamosi ya tarehe 29. Utaimba uwanjani, watu wakuone. Vaa kanzu ya Idi.

Usinitie aibu.

Dada yako,
Mwanapili

Kinondo, 17 Septemba 1962

Dada Mwanapili,

Shikamoo. Mama anakusalimu, mguu umepungua kuvimba.

Dada, mimi huimba juu kwa sababu huko sioni nyuso. Unakumbuka niliacha shule darasa la nne kwa kuitwa mbele nisome. Hata kuwapigia wazee kelele kwamba watoke siwezi, ndiyo maana nikaanza na ule wimbo:

Jitengeni mlio chini, mwenzenu niko juu,
nazi haina haya kwa bibi wala mjukuu.

Jana Bi Mwanarusi, aliyekuwa akisuka makuti chini, alinipazia sauti: "We Chirau! Siku ukioa tutampandisha bibi arusi mnazini!" Wanawake wakacheka. Nilikaa kule juu mpaka walipokwenda kuswali.

Huyo bwana hawezi kunisikia kutoka chini kama wengine? Lakini ukisema uwanjani, nitakuja uwanjani.

Mdogo wako,
Chirau

Kwale, 1 Oktoba 1962

Chirau,

Natumai mu wazima.

Sina mengi. Kinondo nzima ilikuja. Ulisimama robo saa, kanzu imelowa jasho, usitoe hata kikohozi. Yule bwana akakunja waya wake. Njiani akaniambia, "Mwalimu, pengine umemsifu kwa kuwa ni ndugu yako."

Nilitaka kukutoa huko juu. Wewe umechagua kubaki. Basi baki.

Mwanapili

Kinondo, 12 Oktoba 1962

Dada Mwanapili,

Shikamoo. Sote hatujambo, Alhamdulillahi.

Nisamehe. Siku ile kuna neno nilitaka kumwambia yule bwana nikashindwa. Ule waya wa mashine yake una urefu gani? Kile chombo cha kuimbia ni kidogo kama kifuu. Ningeweza kujifunga nacho kiunoni nikapanda mnazi wa babu, yeye akabaki chini na mashine.

Nimetunga wimbo mpya, mrefu. Umo jina lako.

Ukimuuliza, uniandikie. Nangoja.

Mdogo wako,
Chirau

Kinondo, 3 Desemba 1962

Dada,

Shikamoo. U mzima? Labda barua yangu ilipotea. Mvua ni nyingi na kifua kinanibana, lakini napanda.

Ulimuuliza urefu wa waya?

Mdogo wako,
Chirau

Kinondo, 20 Desemba 1963

Ndugu yangu Chirau,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi tena kuiuliza.

Barua zako hazikupotea. Zote mbili zilifika. Nilizitia ndani ya rejista ya darasa, nikasema nitakujibu ukishapata adabu. Januari nikaitwa nyumbani. Kile kifua kilikuwa homa ya mapafu, nami nilikuta kaburi limeshafukiwa.

Juma lililopita tulisherehekea Uhuru uwanjani Kwale. Wanawake wa Kinondo wakaingia, Bi Mwanarusi mbele, wakaimba "Jitengeni mlio chini." Watu wote wakaitikia. Yule bwana wa redio alikuwapo na mashine yake. Akauliza, "Mtunzi ni nani?"

"Chirau wa Kinondo," akasema Bi Mwanarusi. "Sisi tulizijua nyayo zake tu, bwana. Uso alitunyima."

Kisha akalia mbele ya watu, yeye aliyekuwa akikutania.

Jana redioni wamekutaja kwa jina lako kamili, marehemu Chirau, mtunzi. Mama aliomba wanyamaze wote, hata kuku.

Nyimbo tisa zimepatikana. Ule mrefu haupo. Ulikuwa ukiuimba kwenye mnazi wa babu, na upepo ulichukua maneno. Wanawake wanasema walisikia "Mwanapili" mara tatu. Kilichotangulia hawakijui, wala kilichofuata. Sijui ulikuwa ukinisifu au ukinilaumu.

Nimemuuliza yule bwana. Waya wake una futi mia moja na ishirini. Leo asubuhi nimemwomba mkwezi mwingine apande mnazi wa babu na kamba. Ni futi hamsini na nne.

Waya ungefika, Chirau. Na mwingine ungebaki chini.

Dada yako,
Mwanapili