Springi Hizi Zifunge Kabla Mama Hajapanda

Maskati, Jumamosi, baada ya alasiri

Mdogo wangu Nassoro,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kulala kutwa chini ya magari ya watu. Mama ameniambia kikohozi kimemwacha, alhamdulillahi. Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, nami nitakungoja hapa. Na wewe hujambo? Najua hujambo. Mtaa mzima wa Nguvumali unakutazama wewe.

Video ya sikukuu ya Idi niliiona. Gari ya marehemu baba umeishusha mpaka bampa inataka kugusa lami, inang'aa, umetoa mkono dirishani, vijana wanakupigia mbinja, na Mama yuko kiti cha mbele na mtandio mpya, anacheka. Nimeitazama mara nne. Roho iliniuma, Nassoro, na sioni haya kukwambia. Gari ile mimi ndiye niliyekuwa nikiiosha kila Ijumaa asubuhi, wewe ungali unafungwa vifungo vya shati. Springi na breki baba alinifundishia kwenye gari ile ile. Kisha akakuachia wewe, kwa kuwa mimi nilikuwa huku. Mbele za watu nilisema sawa. Moyoni sijasema mpaka leo.

Ndiyo maana juzi nilipokupigia kukwambia hiyo gari si salama, ukacheka. "Kaka, hicho kijicho tu." Na kijicho kilikuwepo kweli. Ulidhani mtandao umekatika, kumbe simu niliikata mimi.

Basi naandika, kwa sababu barua huwezi kuicheka katikati ya maneno.

Unajua kazi yangu ndiyo hiyo ya kushusha magari. Vijana wa huku wanapenda gari ilale, na sisi tunailaza. Lakini tunafunga springi fupi zilizo ngumu, na shokapu za kulingana nazo, halafu tunazungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, tuone kama tairi linagusa bati la madigadi au mpira wa breki. Na bado tunamwambia mwenyewe: kona utakata vizuri, lakini kila shimo utalisikia kiunoni, na watu wengi usipakie. Wenye familia, tajiri wangu mwenye gereji huwarudisha nyumbani wakafikirie kwanza.

Zako zilichomwa kwa gesi zikalegea, zikakaa chini. Chuma kikishachomwa hivyo nguvu zake zimekwisha. Ukiwa peke yako kwenye lami, kwa muda hutaona kitu. Pakia watu watano uone: springi inakaa mpaka mwisho, shokapu inagonga chuma kwa chuma, tairi linasugua madigadi mpaka lipasuke. Ama springi yenyewe inakatika. Wiki mbili zilizopita gari ya namna hiyo ililetwa hapa juu ya lori. Springi ilikatika kwenye kona, kipande kikatoboa tairi la mbele. Dereva alikuwa peke yake, akavunjika mkono. Kile kipande nilikishika nikawafikiria nyinyi.

Na nani alikwambia uzichome? Hapo ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Ulinipigia ukaniuliza, "Kaka, nizichome hizi au nitafute fupi?" Siku ile Mama alikuwa ametoka kunisimulia unavyompeleka sokoni na hospitali, na jinsi baba angefurahi kukuona kwenye usukani wake. Nikakujibu, "Choma tu, italala vizuri." Nilikuwa najua, Nassoro. Miaka sita naifanya kazi hii, nilikuwa najua. Sikutaka uumie, wallahi. Nilitaka ikuharibikie barabarani siku moja, watu wakuone umesimama umeshika kiuno. Mama sikumfikiria kabisa.

Sasa nasikia gari ya kumpeleka dada yetu Rukia kwa mumewe, kule kijiji cha Moa, ni hiyo hiyo. Nawajua watu wetu. Mtasema anapanda bibi harusi na somo wake wa kumfunda tu. Kisha ataingia Mama, kisha shangazi ambaye hakubali kuachwa hata siku moja, na kwenye buti sanduku la nguo na sufuria la pilau. Na mkishakata kuelekea Moa lami inaisha. Mimi sitakuwepo, ruhusa nimenyimwa. Hilo nalo linaniuma kuliko hiyo gari.

Anayekuletea barua hii ni Bwana Khalfani, tunakaa chumba kimoja, anakuja likizo. Amebeba springi nne mpya, za urefu ule ule ambao gari ilitoka nao kiwandani. Atalalamika uzito, mpe chai. Zifunge zote nne, usifunge za mbele tu, na fundi wako asikate hata pete moja ya springi kuzifupisha. Shokapu inayovuja mafuta ibadilishe. Gari itasimama juu kama ya mzee wa msikitini na vijana watakucheka. Waache wacheke.

Mama ukitaka mwambie nilichofanya. Mimi uso wa kumwambia sina.

Nisalimie shangazi, umwambie safari hii akae nyuma. Msalimie mama wa bagia hapo jirani. Bibi harusi wetu mwambie kaka yake anamwombea kheri na kizazi chema.

Siku ya harusi, mkishapanda wote na kabla hamjaondoka, ipige gari picha kwa ubavuni unitumie. Nataka kuona kati ya tairi na madigadi vidole vinne vinaingia, nijue umezifunga. Nitamwona na Mama kiti cha mbele, nitakuona na wewe umeshika usukani wa baba, na kijicho kitanirudia. Hicho nitakaa nacho mwenyewe huku.

Kaka yako,
Mbarouk