Mlango wa Nyuma wa Gari la Mama Luka

Gereji, Masumbwe,
Jumapili baada ya misa.

Dada Mbuke,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, nakula nashiba, na ungeniona ungesema hawa watu wa Masumbwe wananifuga. Wewe hujambo? Mgongo unaendeleaje, na shemeji Selestine bado anabishana na redio? Wasalimie watoto wote hapo Didia.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Ni kwa sababu yako mwenyewe. Wewe simu ukipokea unaweka spika, na nusu ya kijiji inasikia. Haya ni ya masikio yako kwanza, ukishasoma utaamua nani aambiwe.

Ni habari ya Aneth. Unajua baba mdogo Mihayo yuko tayari kwenda Kagongwa kuposa, na baba yake Aneth hana neno. Aliyekuwa amekwama ni mama. Alituma ujumbe kwamba binti yake hampi mtu wa machimboni asiyemjua, maana watu wa machimboni leo wapo, kesho dhahabu ikiibuka kwingine wamehama. Na kwa akina Aneth, mama akikataa limekwisha. Aneth alilia. Mimi nilimwambia atulie, mtu akiniona kazini tu ananikubali. Unanijua, sina aibu ya kujisifu.

Basi, wiki iliyopita likaja gereji gari moja la juu, la milango mitano, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani. Akashuka mama mmoja, kanga kiunoni, akajitambulisha kuwa ni Mama Luka, anauza mchele kwa wachimbaji. Akaeleza kwamba mlango ule ukiinuliwa haukai, unamshukia kichwani, na kwamba kuna fundi alishambadilishia shokapu zake zote mbili, zile nondo zinazousukuma mlango juu, na bado. Nikauinua, nikachungulia, nikacheka. Nikamwambia shokapu hazina kosa. Kilichokatika ni kishikio, pale shokapu inapojishikiza kwenye bodi. Bati limechanika kuzunguka bolti, na zile shokapu mpya, kwa kuwa ni ngumu kuliko zinazotakiwa, ndizo zimelimalizia. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa nikikosea alirudishe hata kwa kulisukuma, nitalipokea.

Nikabandua plastiki za ndani, nikachomoa betri ili umeme wa kuchomelea usiunguze mitambo, nikafunika viti kwa magunia yaliyoloweshwa. Nikakata bapa la chuma la kuweka nyuma ya bati lililochanika, lisaidie kubeba. Hapo ndipo nikahitaji mtu wa kushika mlango, kwa sababu kishikio kikikaa kombo hata kidogo, shokapu inavuta upande na kazi yote ni bure. Kalisti, mwenzangu wa gereji, alikuwa msibani. Nikamwambia mama ashike yeye.

Dada, nilimtumikisha yule mama bila huruma. Mimi nimelala chali ndani ya buti, yeye amesimama juu yangu kaubeba mlango, nami naagiza: mama inua, mama shusha, hapohapo, mama usilegee. Akalegea, nikamfokea. Hakukasirika, alisema nina mdomo, lakini mkono wangu umetulia. Jasho liliponiingia machoni nikalalamika kuwa sioni, akainama akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake, kama unavyomfuta mtoto. Chuma kilipokuwa kinapoa tukakaa pale nyuma ya gari tukala michembe yake ya viazi vikavu na karanga, bakuli moja.

Huku tunakula akanihoji: nimetoka wapi, nani alinilea, kwa nini sijahamia Geita mjini kwenye magari mengi. Nikamweleza kuwa gereji hii nimeijenga mwenyewe na sihami. Nikamweleza habari zako. Kisha, na hapa ndipo nilipojimaliza, nikamwambia ninataka kuoa, ila kuna mama mmoja wa Kagongwa nasikia ni mkali, amekaba njia kama geti la ushuru, lakini nikimpata nitamlainisha. Akacheka mpaka akakohoa. Akataka kujua nitamlainishaje. Nikasema nitamtengenezea chochote alicho nacho kilichoharibika.

Nikapaka rangi, nikarudisha plastiki. Mlango ukapanda wenyewe na ukakaa. Aliufungua na kuufunga mara kadhaa, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akaondoka.

Jana Aneth akapiga simu kuniuliza, kwa sauti ya utani, kama mama yake alifika salama gereji kwangu. Nikamuuliza mama yake yupi. Kumbe Luka ndiye kaka yao mkubwa, yule ambaye Aneth siku zote humwita Bonge, nami sikuwahi kuuliza jina lake la ubatizo. Niliyemfokea, aliyenifuta uso, niliyekula naye bakuli moja, ni mama mkwe. Nilikaa chini palepale penye oili. Wewe unajua kwetu mkwe hata ukimwona kwa mbali unaiacha njia. Nikajua posa imekufa.

Aneth aliniacha niteseke kidogo, ndipo akanipa maneno ya mama yake. Mlango ulikuwa umevunjika kweli, lakini mafundi wamejaa Kahama, karibu na kwake, na yeye alinifuata mimi. Amesema alitaka kuniona wakati bado anaruhusiwa, kwa sababu wazee wakishaingia kwake, hataweza tena kukaa nami wala kunitazama usoni. Amesema sasa ameona. Wazee waje.

Kwa hiyo mwambie baba mdogo apige pasi koti lake. Nimefurahi, dada, na tangu jana kila gari naliona jipya.

Lakini kuna hili ambalo sijamwambia mtu, hata Aneth. Mama yetu alipofariki nilikuwa mdogo mno, sura yake siikumbuki. Wewe ulinilea vizuri na sikuwahi kuona pengo. Sasa naliona, na linauma. Nafikiria ule mkono na ile kanga. Siku nitakayomwoa Aneth ndiyo siku nitakayoanza kumkwepa mama yake, na nitamkwepa, kwa sababu ndiyo heshima yetu na Aneth simwachi. Ila wewe huzuiwi. Wanawake wa kwetu mtakapokwenda Kagongwa, kaa naye karibu. Mwambie kwamba mchana ule nilimwita mama kama ninavyomwita kila mteja mwanamke, na kwamba ningepewa nafasi ya kumwita tena hata mara moja, nisingemwita hivyohivyo tu.

Barua hii anakuletea Justa, jirani yangu, mpe maji ya kunywa na umwache apumzike. Nisalimie baba mdogo, na shemeji mwambie redio ina haki ya kushinda siku mojamoja.

Ni mimi mdogo wako,
Makoye