Sema "Anapenda"

Leo Alhamisi, Buffalo. Upepo wa ziwa unalitikisa gari letu kama mtu anayetaka kuingia bila kubisha hodi. Tumeliegesha kando ya nyumba ya Daudi, mpwa wa mume wangu, hatua chache kutoka barabara ya Bailey, na ndani ya nyumba akina mama wanaimba. Mimi nimetoka. Nimewaambia nafuata sweta. Uongo mwingine huo. Wiki hii nimesema uongo mwingi kuliko miaka yangu yote.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Asiyependa afunge simu yake.

Gari-nyumba hili tulilinunua kuukuu tulipostaafu, mimi na mume wangu, Baba Neema. Yeye aliendesha forklifti, mashine ya kuinulia mizigo, kwenye ghala kule Okolona, mtaa wetu wa Louisville; mimi nilifunga maboksi humo humo mpaka vidole vikakakamaa. Kanisani walitucheka. "Miaka kumi na tano mmelala hemani kambi ya wakimbizi Kigoma, sasa mmenunua hema la magurudumu?" Nikawajibu, hema lile tulipewa, hili tumelichagua wenyewe.

Bon, basi. Safari hii tuliipanga tangu majani yalipoanza kuanguka. Kutoka Louisville tulale Columbus kwa Elisha, mtoto wa mdogo wake Baba Neema, halafu Buffalo kwa yaya Feza. Kwetu yaya ni dada mkubwa. Huyu Feza ndiye aliyembeba Baba Neema mgongoni wakati mama yao yuko shambani. Alimtafunia hata muhogo. Miaka minne walikuwa hawajaonana.

Jumatatu asubuhi mzee wangu yuko nje anapiga matairi teke kuona kama yana upepo. Simu ikalia. Daudi, mtoto wa Feza.

"Mama, mama yetu ametutoka alfajiri hii."

Nikafunga mlango, mzee asisikie.

"Usimwambie mjomba. Ana usukani mkononi. Mwambie mgonjwa amezidiwa. Akifika hapa kuna wanaume wa kumshika."

Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mtu aliye njiani haambiwi kifo. Anaambiwa ugonjwa, ili miguu imfikishe. Ni desturi nzuri, imeokoa wengi. Lakini mimi nilikuwa na kiapo.

Mama yao alipokufa, Baba Neema alikuwa Uvira anatafuta kazi. Walimtumia habari: mama anaumwa, njoo. Akapanda milima siku mbili, dawa mfukoni, dawa aliyouza koti lake kuinunua. Akakuta kaburi. Watu wote pale walijua, hata yule aliyemletea habari. Siku hiyo aliniambia, "Mama Neema, hao wengine wanifiche. Wewe usinifiche. Siku ukinificha msiba, sitakusamehe." Nikaapa. Na kila mtu anajua mdomo wangu hauna pazia, kiapo hakikunipa shida.

Mpaka Jumatatu.

Nilitoka nje nikamwambia, "Daudi anasema yaya amezidiwa." Akaniangalia. Akasema, "Basi tusikawie." Macho yake hayaoni vizuri jua likishazama, kwa hiyo Columbus ilikuwa lazima tulale. Njia nzima nikajiambia nitamwambia tukisimama mafuta. Tukasimama mafuta. Nikanunua chai.

Columbus, kabla hata ya kufika kwa Elisha, alikata kona akaingia Morse Road kwenye duka la vyakula vyetu. Anataka ndagala wakavu, dagaa wa kwetu. "Mgonjwa akisikia harufu ya ndagala atainuka." Alichagua kama anachagua mahari. Anachota, ananusa, anarudisha. Mimi nimeshika mfuko, najua hakuna wa kuinuka.

Nikasema, ili tu atoke dukani, "Chukua wale wadogo. Feza alipenda wadogo."

Akasimama, mkono umo guniani.

"Anapenda," akasema. "Sema 'anapenda'. Hata darasa la pili hukufika, lakini hiyo unaijua."

"Anapenda," nikasema.

Mwenye duka akacheka, mzee naye akacheka. Mimi nikageukia mafuta ya mawese kana kwamba nasoma bei.

Kwa Elisha walikuwa wameshaambiwa wakaze nyuso. Wakubwa walikaza. Walimsahau Grace, binti wa Elisha wa miaka tisa, ambaye ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza kama karani wa ofisi. Akaja, akamshika babu yake mkono kwa mikono miwili, akamwambia yale maneno Waamerika wanayomwambia mfiwa, kwamba anasikitika kwa alichokipoteza. Mzee Kiingereza chake ni cha forklifti: juu, chini, simama. Alidaka neno moja tu, akadhani ni la kupotea njia.

"Hapana, mjukuu wangu!" akacheka. "Babu hajapotea! Babu ana GPS!"

Mke wa Elisha akakimbilia jikoni.

Mtoto peke yake ndiye aliyemwambia ukweli, tena kwa lugha isiyomfikia.

Nikamvuta Elisha pembeni. "Huna aibu? Miaka tisa, hajui kusema pole?"

"Mama mkubwa," akasema polepole, "mshukuru Mungu hajui. Angejua, mzee angeelewa."

Akawa amenishinda. Niandike hapa, maana haitokei mara nyingi.

Jumanne tukashika njia. Tulipopita Cleveland, ziwa likatokea upande wa kushoto, jeusi. Baba Neema alikuwa na furaha ile ya mtu mwenye hofu. Anasema akifika atabisha mlango kwa sauti ya polisi, Feza atamtukana, halafu watacheka. Mfuko wa ndagala ameuweka katikati yetu, gari zima linanuka samaki.

Akasema, "Mama Neema, toka jana hujanikaripia hata mara moja. Nimekosea njia mara mbili. Unaumwa?"

Ni hilo lililonivunja. Mtu umeishi naye miaka arobaini na sita, anakuona mgonjwa kwa sababu humgombezi.

"Simama hapo mbele," nikamwambia. "Breki zinanuka."

Akasimama kwenye maegesho ya wasafiri. Nikamwomba ufunguo, nikautia mfukoni. Nikasema kama ninavyojua kusema, bila kuzungusha.

"Yaya Feza hayupo. Alikufa jana alfajiri, kabla hatujatoka nyumbani."

Hakulia. Aliuliza tu, "Ulijua tukiwa Okolona?"

"Nilijua."

"Na dukani?"

"Hata dukani."

Alishuka bila koti, akaenda akasimama karibu na mapipa ya taka, mgongo kwangu. Nilimpelekea koti. Koti alilipokea. Mkono wangu hakuupokea.

Tulikaa pale saa nzima mpaka akarudi kukaa kwenye usukani. Kisha akanyoosha kiganja, nikampa ufunguo. Kutoka pale hadi Buffalo aliyezungumza garini ni yule mwanamke wa GPS tu, geuka kulia, endelea moja kwa moja. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule.

Tangu tumefika analala ndani pamoja na wanaume kwenye magodoro. Wenye msiba hulala pamoja, ni desturi. Kwa hiyo siwezi hata kujua kama amenikasirikia au anafuata desturi. Usiku mbili nimelala humu peke yangu. Kitanda hiki nilikuwa nakilalamikia kwamba ni chembamba.

Je, ningemwambia Louisville? Angeendesha hivyo hivyo, namjua, na pengine leo tungekuwa maiti tatu, sisi na Feza. Naliamini hilo. Lakini Columbus hakuwa na usukani. Columbus alikuwa ameketi kwenye kochi la Elisha anakunywa chai, na wanaume wa kumshika walikuwepo. Pale sikumwambia kwa sababu niliogopa. Si desturi iliyonifunga. Ni woga, na woga wangu niliuvika nguo za desturi. Mimi, ninayewasema wengine.

Asubuhi hii niliupeleka ule mfuko wa ndagala jikoni. Mke wa Daudi akaanza kukata vichwa, ndivyo wanavyofanya vijana, wanataka samaki asiyewaangalia. Nilikuwa nafungua mdomo kumgombeza, mzee akapita mlangoni na kikombe chake.

"Acha vichwa," akamwambia. "Yaya alipenda na vichwa vyake."

Alipenda.

Alisema na mke wa Daudi, lakini aliniangalia mimi. Ndipo nilipojifanya nimekumbuka sweta, nikakimbilia humu garini.

Sijui kama alinirudishia neno langu au alinipiga nalo. Mchuzi utakuwa umeiva sasa. Sahani yake nitaipeleka mwenyewe, mbele ya wanaume wote, na nitapiga magoti, mimi ambaye magoti haya yameshakataa hata kanisani. Akiikataa, nitakaa hapo hapo sakafuni mpaka aseme kitu, hata kama ni tusi. Kunyamaza nimeshanyamaza vya kutosha.

Ngoja niivae hiyo sweta kwanza, angalau hilo liwe kweli.