Wanawe Wote

4 Machi

Dada, shikamoo.

Huku tu wazima, mimi, wifi yako na watoto. Natumaini mama anapata usingizi na goti lako limepoa. Nimekutumia wasifu wa baba wa kusomwa siku ya kumbukumbu. Humo nimemwita mfanyabiashara mwenye maono, nguzo ya familia, kipenzi cha wote, aliyeaga dunia kwa amani akiwa amezungukwa na wanawe wote. Chapisha kijitabu bila kubadilisha neno. Wanangu nimewaahidi nakala.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Mama analala. Goti linanitii asubuhi, jioni linajiamulia.

Wasifu wako nimeusoma nikidhani umekosea marehemu. Huyo mwenye maono ni nani? Baba alikuwa akitafuta miwani nyumba nzima, nayo iko usoni pake. Alikuwa muuza magodoro, na mtaa mzima ulimwita Lala Kwanza kwa sababu hakumuuzia mtu godoro kabla hajavua viatu akajilaza juu yake. Wengine walisinzia kweli, wakakoroma. Baba aliwafunika shuka, akaenda mlangoni kupiga soga na wapita njia, akiwahimiza wanong'one ilhali yeye ndiye aliyekuwa akipayuka. Jioni alirudi na mteja mmoja au wawili waje kula, mama akasonya jikoni na kuongeza maji kwenye mchuzi. Haya yote umeyatupa, ukatuletea nguzo. Nguzo ni za umeme.

Na hao wanawe wote uliwaona wapi? Aliyemshika mkono ni mimi. Aliniuliza, "Kijana amefika?" Nikamdanganya kwamba uko njiani. Wewe ulikuwa ukifungua duka lako la pili. Sentensi hiyo naifuta.

Dada yako

19 Machi

Dada, shikamoo.

Afya zetu njema. Nilisahau ulimi wako ulivyo. Ya magodoro yaongeze, ingawa wakwe zangu watadhani tulilelewa sokoni. Lakini sentensi ile iache, nakuomba. Watoto niliwaambia nilimuwahi babu yao. Wiki ile nililala dukani, wakaamini nimesafiri. Mkubwa hupenda kuniuliza babu alisema nini mwishoni, nami humtungia jibu. Usinivue nguo mbele ya wanangu.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo, na anauliza kama nanyi hamjambo. Shughuli imepita salama. Nilipokuwa nikisoma wasifu na kufika kwenye kisa cha yule mteja aliyefungiwa dukani usingizini, na baba akamtafuta mtaa mzima amlaumu kwa kuondoka bila kuaga, kinyozi jirani alicheka mpaka akashika ukuta.

Umeomba sentensi yako iachwe. Nimeiacha, nimeishonea mkia tu: "akiwa amezungukwa na wanawe wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa na kazi." Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Afadhali."

Wewe danganya wateja wako, ni biashara. Marehemu wetu usimtumie. Nakala za wanao nimezituma kwa majina yao, si kwa lako.

Dada yako

6 Juni

Dada, shikamoo.

Sote wazima. Samahani kwa kukawia kuandika. Vijitabu vilifika. Mkubwa alikisoma chake kwa sauti, mezani, mama yake akisikiliza. Alipofika kwenye ule mkia wako, akanitazama.

"Baba, kwani babu alikuwa na watoto wangapi?"

Nikamjibu, wawili.

Mdogo wako